Njia panda ya mwisho: jinsi taarifa za barabara zinavyoamua safari za watu wakati wa maafa

Mvua ikinyesha usiku kucha Dar es Salaam, asubuhi watu wa Mbezi na Kimara huulizana jambo moja: Jangwani panapitika? Barabara ya Morogoro inavuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, kati ya Magomeni na Kariakoo, na maji yakipanda juu ya lami polisi huifunga. Mabasi ya mwendokasi nayo hukatisha safari na kugeuzia Magomeni, yasifike Kivukoni wala Gerezani.

Jibu likimfikia mtu akiwa bado nyumbani Kimara, anaweza kuchagua lolote, hata kutotoka kabisa. Likimfikia Ubungo, kwenye makutano ya Kijazi, anazo njia mbili za maana: akunje kulia ashike Mandela kuelekea Buguruni, au kushoto apite Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mpaka Salenda au Daraja la Tanzanite. Likimfikia Magomeni imebaki Kawawa peke yake. Kawawa nayo upande mmoja inashuka bondeni Kigogo, upande wa pili inapita Mkwajuni, na kote kuwili hujaa maji kwa mvua ileile. Akishaipita Magomeni, jibu halimsaidii tena. Yuko kwenye foleni ya magari yanayotafuta pa kugeuzia.

Wengi wanaozungumzia taarifa za barabara wakati wa maafa huuliza kama ni za kweli. Ukweli ni sharti la kwanza, lakini hautoshi. Kila taarifa ina njia panda yake ya mwisho, yaani mahali ambapo msafiri bado anaweza kubadili uamuzi bila kurudi nyuma. Taarifa sahihi inayofika baada ya hapo humwongezea mtu hofu tu. Na kuna ugumu mwingine mkubwa zaidi: taarifa hiyo haikai pembeni ya barabara ikitazama. Ikishasikika, watu huhama kwa maelfu, na hali iliyotangazwa inabadilika kwa sababu imetangazwa. Mambo hayo mawili, mahali inapomkuta mtu na wingi wa wanaoipata kwa pamoja, ndiyo yanayoeleza kwa nini tangazo la aina ileile siku moja huokoa watu na siku nyingine huwakusanya mahali pabaya.

Ramani ya simu inaona mwendo, haioni maji

Rangi za kwenye programu kama Google Maps na Waze hutokana kwa sehemu kubwa na simu za wasafiri wenyewe. Simu iliyo ndani ya gari hutuma mahali ilipo na kasi inayokwenda. Kompyuta huilinganisha kasi hiyo na ya kawaida ya kipande kile cha barabara. Ikiwa karibu na kawaida, kipande kinapakwa kijani. Ikishuka, rangi ya machungwa. Ikishuka zaidi, nyekundu. Pasipokuwa na simu za kutosha, mfumo huegemea kumbukumbu za siku zilizopita: Jumanne saa mbili asubuhi pale huwa hivi. Siku ya kawaida utaratibu huu unafanya kazi vizuri mno. Siku ya maafa una hatari moja ambayo kila dereva anapaswa kuijua: barabara iliyofungwa haina magari, na barabara isiyo na magari haina foleni.

Desemba 2017 moto wa nyika uliopewa jina la Skirball ulizuka Los Angeles, kando ya barabara kuu ya 405. Madereva waliotafuta upenyo wa kuikwepa foleni walielekezwa na programu zao kwenye mitaa iliyoonekana mitupu. Ilikuwa mitupu kwa sababu moto ulikuwa unaikaribia na wakazi walikuwa wanaondolewa. Polisi wa jiji waliwaomba watu waache kuzifuata programu hizo katika eneo lile. Hesabu za kompyuta zilikuwa sawasawa. Ziliulizwa njia ipi ina haraka, zikajibu hilo, ilhali siku hiyo mtu alihitaji kujua njia ipi haina moto.

Mafuriko yana matatizo yake zaidi. Mto wa mjini uliojengewa kingo na kuzungukwa na mabati na zege unaweza kupanda kwa dakika chache, wakati kufungwa kwa barabara huingia kwenye ramani baada ya mtu kuripoti na ripoti yake kuaminiwa. Ripoti moja inaweza kuwa ya uongo, kwa hiyo mifumo husubiri ripoti kadhaa au neno la mamlaka. Katikati ya kusubiri huko ndipo watu wanapoendelea kuelekezwa majini. Pikipiki nazo zinapopenya pembeni, au zinapobebwa mkokotenini kuvushwa, zinaweza kutuma mwendo unaofanya barabara ionekane inapitika.

Kuna namna ya kuisoma ramani hiyo siku ya mvua kubwa. Ukiona nyekundu inakatika ghafla kwenye ukingo wa bonde, na ng'ambo yake hakuna rangi yoyote au kuna kijani kisicho na sababu, elewa kwamba magari yanafika pale na hayavuki. Foleni ya kawaida haimaliziki hivyo. Huwa nyekundu, kisha machungwa, kisha kijani, kadiri magari yanavyojinasua mbele.

Wajapani waliligeuza swali hili kichwa chini, na nadhani ndilo jambo la akili zaidi lililowahi kufanywa na taarifa za magari wakati wa maafa. Tetemeko na tsunami ya 11 Machi 2011 viliharibu barabara nyingi za kaskazini mashariki ya nchi hiyo. Kuorodhesha kila palipokatika kungechukua siku nyingi. Honda ilikuwa na magari yenye vifaa vya kuelekeza njia vinavyotuma kumbukumbu za safari, na kesho yake, 12 Machi, ikaanza kutoa hadharani ramani ya barabara ambazo gari lilikuwa limepita. Wiki iliyofuata data za Honda, Toyota, Nissan na Pioneer ziliunganishwa na asasi ya ITS Japan kuwa ramani moja. Waliopeleka maji, dawa na mafuta hawakuhitaji kujua barabara zote zilizokufa. Walihitaji njia moja iliyo hai. Ushahidi kwamba gari limevuka jana ni habari chache, lakini ni za uhakika kuliko ukimya wa ramani tupu.

Ramani ile ilikuwa na mpaka wake. Haikusema ni gari la aina gani lililopita. Gari dogo likipenya kwenye daraja lenye ufa, lori la tani 20 halijapewa ruhusa.

Tangazo moja, foleni moja

Mwishoni mwa Septemba 2005 kimbunga Rita kilikuwa kinaelekea pwani ya Texas. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Katrina iizamishe New Orleans, na picha za watu juu ya mapaa zilikuwa bado kwenye kila televisheni. Wakazi wa eneo la Houston wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2.5 na 3.7 waliondoka. Wengi wao hawakuwa wameamriwa kuondoka. Nyumba zao zilikuwa mbali na mahali ambapo maji ya bahari yangefika. Lakini waliingia barabarani saa zilezile na watu wa Galveston waliokuwa hatarini kweli, wakakaa mbele yao.

Hesabu yake inatisha. Njia moja ya barabara kuu, magari yakitembea vizuri, hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Chukua magari 200,000 na njia nne za kutoka mjini: ni magari 8,000 kwa saa, yaani saa 25 bila gari hata moja kuharibika. Foleni ikishaganda, idadi hiyo hushuka. Gari moja likiishiwa mafuta linaziba njia, na lililo nyuma yake linachoma mafuta likiwa limesimama, hadi nalo linaishiwa. Houston ilifika hapo, kwenye joto kali. Kugeuza njia za upande wa pili ili zote zitoke mjini kulianza kwa kuchelewa, kwa kuwa kazi hiyo inataka kila mlango wa kuingilia barabara kuu uzibwe na uwekewe askari kwanza. Watu karibu 100 walikufa katika safari yenyewe. Miongoni mwao ni wazee 23 wa nyumba ya kulelea waliokuwa kwenye basi lililoshika moto karibu na Dallas, asubuhi ya 23 Septemba, baada ya ekseli iliyokosa grisi kupata moto. Kimbunga chenyewe kikapinda na kupiga mpakani mwa Texas na Louisiana.

Tatizo halikuwa uhaba wa taarifa. Zilikuwa nyingi, ila hazikumwambia mtu kama yeye anahusika. Kimbunga Ike kilipokuja mwaka 2008, mamlaka za eneo hilo zilitaja maeneo kwa namba za posta: wa namba hizi ondokeni, wengine bakini majumbani. Kanuni iliyotumika inatamkika kwa pumzi moja: yakimbie maji, jifiche upepo. Kila mtu anaijua namba yake ya posta, kwa hiyo kila mtu alijua kama anaitwa. Mwaka 2017, Harvey ilipokaribia, meya wa Houston hakuamuru mji uhame, akitaja yaliyotokea wakati wa Rita. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo, kwani mji ulifurika vibaya, lakini hakuna anayeuelewa bila kuijua foleni ya 2005.

Wataalamu wa usafiri Moshe Ben-Akiva, André de Palma na Isam Kaysi walilichambua suala hili mwaka 1991, kabla ya simu janja kuwapo. Walionyesha kwamba taarifa inaweza kuwafanya madereva wafanane: waliokuwa wakitawanyika kwa sababu kila mmoja anakisia lake sasa wanachagua njia moja, na wakiitikia wote kwa mpigo foleni inahama tu kutoka barabara hii kwenda ile. Siku ya kawaida hasara ni dakika 20 za kuchelewa. Siku ya mafuriko, njia ile ya pili huenda nayo iko bondeni.

Tangazo la redio linalosema "Jangwani pamefungwa, tumieni Kigogo" linaonekana la msaada. Kwa kweli linachukua magari ya barabara pana yenye njia kadhaa na kuyamimina kwenye barabara nyembamba inayoshuka kwenye bonde lilelile la Msimbazi, umbali mfupi tu juu ya mkondo. Maji yanayofika Jangwani yamepita Kigogo kwanza. Tangazo bora huwagawa watu kwa waendako na kuwashika mapema: wa Posta na Upanga wapite Sam Nujoma kuanzia Ubungo, wa Kariakoo, Ilala na Gongo la Mboto washike Mandela, na wa Magomeni wasubiri. Neno "subiri" halipendwi na watangazaji, wala na waajiri, lakini mara nyingi ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Watu 1,000 wakichelewa kutoka kwa saa mbili barabara inapata nafuu ambayo hakuna njia mbadala inayoweza kuitoa. Njia mbadala kwa kawaida ni chache na nyembamba. Saa za kutoka ni nyingi.

Kabla ya kuondoka watu huulizana

Mtu akipata onyo hakimbii papo hapo. Hupiga simu kwa ndugu, hutoka nje kutazama, huchungulia majirani wanafanya nini. Waliotafiti tabia za watu wakati wa maafa kwa miongo mingi wamelikuta jambo hili karibu kila mahali. Kuulizana huko si ukaidi. Ndivyo binadamu anavyopima kama neno aliloambiwa linamhusu. Na katika kupima huko, barabara yenyewe ni chanzo cha habari. Magari ya majirani yakionekana yamepakiwa magodoro, huo ni ushahidi mzito kuliko tangazo la serikali. Foleni ikionekana, wengine husema bora tuwahi kabla haijazidi, na wengine husema haina maana kuanza sasa. Picha moja, maamuzi mawili yaliyo kinyume.

Goma ni mfano ulio wazi, mji wa Waswahili wa Kongo ulio chini ya mlima wa moto. Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei 2021. Hakukuwa na amri ya kuhama iliyotangulia. Watu walitazama wekundu angani wakaamua kwa kumbukumbu: Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Kwa hiyo usiku ule wengi walitoka kwa miguu, wakibeba watoto na virago, baadhi wakivuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda, wengine wakielekea Sake upande wa magharibi. Barabara ya kaskazini kwenda Rutshuru ilikatwa na lava. Lava ilipoishia jirani na uwanja wa ndege, wengi walirudi kesho yake.

Ndipo alfajiri ya 27 Mei, wakati ardhi ikiendelea kutetemeka na wataalamu wakihofia lava iliyo chini ya mji na ziwa, gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Mitaa ilitajwa kwa majina, Majengo na Mabanga miongoni mwake, na mwelekeo ukatajwa: Sake. Tangazo hilo lilikuwa na sifa nzuri, likajibu nani na wapi. Lakini Sake iko kilomita 25 hivi, barabara ni moja, na watu walioondoka Goma walikadiriwa kufikia karibu 400,000. Foleni ya magari, pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) na watembea kwa miguu iliijaza barabara ile, na Sake haikuwa na maji wala malazi ya kutosha umati huo. Wengine walipanda boti kwenda Minova na Bukavu, wengine wakarudi kwenye njia waliyoizoea ya Rwanda. Amri inayotaja mwisho wa safari hujaza mahali hapo pia, na anayeitoa anapaswa kuhesabu matangi ya maji ya Sake pamoja na upana wa barabara.

Sentimita thelathini

Taarifa nyingi za mafuriko hushindwa kwa sababu hazina kipimo. "Maji ni mengi lakini magari yanapita" ni sentensi iliyoua watu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutumia vipimo hivi: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi makubwa, ya juu na pikapu. Nchini humo zaidi ya nusu ya vifo vya mafuriko huhusisha gari.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Gari dogo lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7 lina sakafu ya mita za mraba 6.8. Kila sentimita 10 maji yanapopanda juu ya sakafu hiyo, yanalisukuma gari juu kwa nguvu inayolingana na takriban kilo 680. Gari lenye kilo 1,300 linakaribia kuelea kabla maji hayajaifikia mikono ya milango. Tairi zikishapoteza uzito, breki na usukani havina kazi, na mkondo unalisogeza pembeni, kwenye mtaro usioonekana. Basi ni zito, lakini sakafu yake ni pana mara kadhaa na ubavu wake mrefu unaupokea mkondo mzima. Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, ulionyesha hivyo 4 Desemba 2021: basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja, likasombwa, na zaidi ya watu 30 wakafa huku umati ukitazama kutoka kingoni.

Dereva aliye ukingoni anayaona maji. Anachokosa ni kina, na hali ya lami iliyo chini. Maji ya tope hayaonyeshi kalavati lililozolewa. Na kuna msukumo ambao hakuna programu ya ramani inayoujua. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari; abiria waliolipa wanamwambia "twende, mwenzio kapita"; nyuma yake wanapiga honi. Hapo taarifa ya kwamba barabara ni hatari haibadilishi kitu, kwa sababu anaijua tayari. Kitakachobadilisha ni simu ya mwenye gari kumwambia leo geuza, hesabu nimeisamehe. Vivyo hivyo mfanyakazi wa kawaida: ujumbe wa bosi kwamba ofisi inafunguliwa saa tano una nguvu kuliko matangazo kumi ya hali ya hewa. Anayepanga taarifa za maafa bila kuwahusisha wenye magari na waajiri anazungumza na watu wasio na uhuru wa kumsikia.

Ujumbe unaobadilisha safari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mapema viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa mikoa. Hilo humsaidia mtu kupanga kesho yake, lakini halimwambii apite wapi. Kati ya tahadhari ya mkoa na dereva aliyeko Ubungo kuna pengo, na hujazwa na redio, trafiki, makondakta wanaopigiana simu, madereva wanaowashiana taa, na makundi ya WhatsApp. Kenya kuna pia majukwaa ya wasafiri kama Ma3Route, ambako watu huripoti hali ya barabara wenyewe. Vyanzo hivi vya watu ni vya haraka na aghalabu ni sahihi vikitoka kwa aliye pale. Huharibika katika kusambazwa.

Ujumbe mfupi wenye kufaa unaonekana hivi:

*"Leo Alhamisi saa 12:40 asubuhi. Jangwani, Barabara ya Morogoro: maji yamefunika lami pande zote mbili, yanafika nusu ya tairi ya gari dogo, yanaongezeka. Polisi wamefunga kutokea Magomeni. Mandela kwa Buguruni inapita, foleni ya kawaida. Kigogo msiende. Nipo Magomeni Mapipa, nitaandika tena saa 1:15."*

Siku imeandikwa, si "leo" tupu, kwa sababu ujumbe huo utasambazwa tena kesho na keshokutwa. Mahali pametajwa pamoja na barabara. Kina kimepimwa kwa kitu ambacho kila mtu anakijua, tairi. Neno "yanaongezeka" lina thamani kuliko kina chenyewe, maana msomaji atafika pale nusu saa baadaye, na anachohitaji ni hali ya wakati huo. Aliyefunga ametajwa, hivyo mtu anajua ni amri na si ushauri. Njia iliyo hai imetajwa, na iliyo mtego pia. Mwisho kuna saa ya ujumbe ujao. Hiyo humzuia mtu asiuamini ujumbe huu saa nne asubuhi. Video ya sekunde 20 ya gari likielea haina hata kimoja kati ya hivi, ndiyo maana video za mafuriko ya miaka iliyopita hurudi kila masika na kuwageuza watu kwenye barabara kavu. Wakishadanganywa mara mbili, ya tatu, iliyo ya kweli, wanaipuuza.

Njia ya kuufikisha nayo ina uzito. Ujumbe mfupi wa kawaida hutumwa simu kwa simu; ukitaka kuwafikia watu laki tano, unakaa kwenye foleni ya mtandao, na wa mwisho anaupata amechelewa. Mifumo inayotaka mtu ajiandikishe kwanza huwakosa wengi. Mji wa Paradise, California, ulikuwa na mpango wa kuhamisha watu kwa kanda 14, lakini moto wa 8 Novemba 2018 ulikimbia kuliko mpango, onyo za simu hazikuwafikia wakazi wengi, na barabara chache za kutokea zikaziba. Watu 85 walikufa katika moto huo. Teknolojia inayofaa zaidi ni ile ambayo mnara wa simu hurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo chini yake kwa wakati mmoja, kama redio, bila kuhitaji namba ya mtu. Inaweza kuelekezwa minara ya Ubungo pekee, kabla watu hawajafika Magomeni. Lakini mnara unahitaji umeme, na betri zake huisha. Redio ndogo ya betri, betri zake zikiwa mpya, bado ni kifaa cha lazima nyumbani.

Siku za kufungua

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania mapema Mei 2024, tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Watu wa pwani walikuwa na muda wa kujiandaa. Kilichowakamata wengi ni barabara: mvua zake ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga na jirani, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku. Njia ya kuzunguka ipo, kupitia Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, lakini Dar es Salaam hadi Mtwara kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500, karibu mara tatu ya ile ya pwani. Aliyeipata habari akiwa bado kituo cha basi aliweza kuahirisha au kuzunguka. Aliyeipata akiwa Somanga alikuwa ameshavuka njia panda yake.

Maji yakishuka huja hatari inayosemwa kidogo. Watu wametamani kurudi, mizigo inaoza, na neno "imefunguliwa" linasambaa haraka kuliko masharti yake. Wahandisi huifungua barabara kwa awamu: hujaza mawe palipokatika, hupitisha magari madogo kwa upande mmoja kwa zamu, kisha mabasi, na malori mazito mwisho, baada ya tuta kushindiliwa. Lami inaweza kuonekana nzima huku udongo wa chini yake umeliwa na maji kandokando ya kalavati. Gari la kwanza zito ndilo linalolibomoa. Kwa hiyo anayepiga simu kuuliza kama njia imefunguka aulize mambo mawili: gari gani kubwa kuliko yote limevuka leo, na limevuka saa ngapi.